Ujumbe wa KRA, mpangaji wa miezi minne na duka lisilo na mkataba: tuanzie wapi?

Mshauri, salamu nyingi.

Mimi na mume wangu tuna ploti Kahawa West, Nairobi. Tuliijenga kwa mkopo wa sacco na tukaanza kupangisha Julai 2024. Kuna bedsita 12 za Sh8,000 na nyumba 6 za chumba kimoja cha kulala za Sh14,000. Chini, upande wa barabara, kuna maduka matatu ya Sh15,000. Zote zikijaa na kulipwa ni Sh225,000 kwa mwezi, lakini hazijai. Ukitoa zile tupu na wasiolipa, nyumba huleta kama Sh160,000. Maduka hulipa yote matatu. Hati ya ardhi ina jina la mume wangu, ambaye ni mwalimu, na mita ya stima pia ni yake. Kodi huingia kwenye M-Pesa yangu kwa sababu mimi ndiye ninayekaa hapa.

Juzi mume wangu alipata ujumbe wa KRA, mamlaka ya ushuru, kwamba hajatangaza mapato ya nyumba. Ni kweli, miezi 18 sasa hatujalipa chochote. Tulidhani kwa kuwa mkopo unameza pesa nyingi, hakuna faida ya kutozwa. Riba peke yake ni Sh620,000 kwa mwaka. Marekebisho, mshahara wa keteka (mtunza jengo), bima na ada ya ardhi ya kaunti ni kama Sh300,000. Rafiki yetu anasema tukiandikia KRA barua tutatolewa kwenye huo ushuru wa nyumba ili gharama zetu zihesabiwe. Je, ni kweli?

La pili, mpangaji wa 4B, nyumba ya Sh14,000, hajalipa miezi minne. Ni deni la Sh56,000, nami nina dipositi yake ya mwezi mmoja tu. Keteka anataka kung'oa mlango au kukata stima, anasema ndiyo dawa.

La tatu, mwenye duka la dawa nilimtumia ujumbe wa WhatsApp kwamba kodi itapanda kutoka 15,000 hadi 20,000. Akajibu kwamba hatambui huo ujumbe, na kila mwezi anatuma 15,000 zilezile. Hatukuandikiana mkataba wowote.

Tusaidieni, hatulali.

Mama Ploti, Kahawa West

JIBU

Mama, pole sana kwa kuandamwa na mambo matatu kwa mpigo. Tutayajibu yote, ila kuna moja lisilongoja: mwambie keteka leo hii asiguse mlango wa 4B wala waya wa stima. Sababu utaiona hapa chini. Kwa sasa jua tu kwamba deni hili la Sh56,000 linaweza kugeuka kwa siku moja ukawa wewe ndiye unayedaiwa.

Hapa tutaita "kodi" kile unacholipwa na mpangaji, na "ushuru" kile kinachodaiwa na KRA. Maneno haya yakichanganywa, watu hutia sahihi wasichokielewa.

Jambo linalowaponza wenye nyumba wengi ni kudhani kwamba pasipo faida hapana ushuru. Ushuru wa nyumba za kuishi nchini Kenya hautozwi kwa faida. Tangu Januari 2016 mwenye nyumba mkazi wa nchi hutozwa ushuru wa kila mwezi uitwao MRI, na hutozwa kwa kodi yote aliyopokea kabla ya kutoa gharama yoyote. Ulianza kwa asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, kwa hiyo nyinyi mmekuwa chini ya kiwango hicho kipya tangu siku ya kwanza. Unamhusu anayepata kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka. Nyinyi mko katikati kabisa. Riba, rangi ya kuta, keteka, bima, vyote havihesabiwi. Ndiyo bei ya kiwango hicho kidogo.

Kwa mwezi ambao nyumba zimeleta Sh160,000, ushuru ni Sh12,000. Unapaswa kujaza ritani na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hesabu pesa zilizopokelewa, si zile zilizotarajiwa. Miezi minne ya 4B haiingii katika hesabu mpaka siku atakapolipa, na siku hiyo itaingia yote katika mwezi huo. Mwezi ambao hukupokea kitu bado unajaza ritani, unaandika sufuri. Dipositi ambayo utairudisha si kodi, lakini ukiikata kufidia deni, kile ulichokata kimekuwa kodi. Na bili ya maji iandike kwenye risiti kwa mstari wake. Ukiandikia mpangaji "Sh8,500 pamoja na maji", umejipa kazi ya kuieleza KRA ni kiasi gani kilikuwa maji.

Sasa ile barua ya rafiki yenu. Ni kweli sheria inamruhusu mwenye nyumba kumwandikia Kamishna kwamba hataki MRI. Akifanya hivyo, kodi yake inaingia kwenye ritani ya mwaka pamoja na mapato mengine, gharama zinatolewa, na kinachobaki kinatozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi. Huwa inasikika vizuri. Lakini chukueni kalamu kwanza.

Mume wako ni mwalimu, na unafuu wake wa Sh2,400 kwa mwezi tayari unatumika kwenye mshahara. Mapato yanayotozwa yakishapita Sh32,333 kwa mwezi, kila shilingi inayofuata iko kwenye asilimia 30. Tuchukue kwamba mshahara wake umepita hapo. Nyumba zinaleta Sh1,920,000 kwa mwaka na maduka Sh540,000, jumla Sh2,460,000. Toa gharama zenu zote, 620,000 na 300,000, yaani Sh920,000. Kinabaki Sh1,540,000. Asilimia 30 ya hapo ni Sh462,000.

Mkibaki kwenye MRI, nyumba zinalipa asilimia 7.5 ya 1,920,000, yaani Sh144,000. Maduka yako nje ya MRI, tutayarudia. Mkiyapa sehemu yake ya gharama, asilimia 22 hivi kwa jinsi kodi zilivyo, yanabaki na faida ya Sh337,600 na ushuru wa Sh101,280. Jumla ni Sh245,280. Ile barua ingewagharimu zaidi ya Sh216,000 kila mwaka.

Kipimo cha haraka kwa mtu ambaye mapato yake mengine yameshafika kwenye asilimia 30 ni hiki: asilimia 7.5 ni robo ya asilimia 30. Kama faida halisi ya nyumba zako ni zaidi ya robo ya kodi unayopokea, kaa kwenye MRI. Ikiwa ni chini ya robo, yaani gharama zinakula zaidi ya asilimia 75, hapo ndipo barua ina maana. Zenu hazifiki hata asilimia 40. Na katika kuhesabu gharama, kumbuka ni riba tu inayotolewa. Marejesho ya mkopo wenyewe hayatolewi, hata kama sacco inayakata pamoja kwa mkupuo mmoja. Wengi hujumlisha makato yote ya sacco, wanaona hakuna kilichobaki, wanatuma barua, kisha wanashtuka Juni.

Kuna kikwazo kingine kwa anayetaka kuhesabiwa gharama. Tangu Januari 2024 gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hazikubaliki. Fundi wa mabomba aliyekuandikia kwenye kipande cha karatasi, duka la rangi lililokupa risiti ya mkono, hizo zote zinafutwa kwenye hesabu. Kwa nyumba hilo haliwahusu mkiwa kwenye MRI, lakini kwa sehemu ya maduka linawahusu sana, kwa hiyo anzeni leo kudai ankara yenye PIN (nambari ya mlipa ushuru) ya mume wako kwa kila mfuko wa saruji.

Kodi ya maduka haimo kwenye MRI kwa sababu MRI ni ya nyumba za kuishi tu. Inatangazwa kwenye ritani ya mwaka, ile inayowasilishwa kufikia 30 Juni. Na kwa kuwa ushuru wake unapita Sh40,000 kwa mwaka, hamruhusiwi kungoja mwisho. Hulipwa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, na salio kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Bila shaka mume wako amekuwa akijaza ritani ya mshahara pekee kutokana na fomu ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka. Afungue ile ya 2024 na kuirekebisha aongeze maduka, na iliyofuata kama nayo aliijaza hivyohivyo. VAT isiwatie hofu: nyumba za kuishi hazitozwi, na kodi ya maduka yenu iko mbali na Sh5,000,000 kwa mwaka.

Sasa PIN ya nani? Ushuru humfuata mwenye mali, na mali iko kwa jina la baba wa nyumba. Ritani zote ni za PIN yake, hata kama simu inayopokea ni yako. Hatari ya mpangilio wenu wa sasa ni kwamba pesa zinapita kwenye M-Pesa yako, na siku KRA wakiuliza kuhusu laini yako utahitaji kuonyesha kuwa si mapato yako. Fungueni akaunti ya benki kwa jina lake yenye nambari ya paybill, nambari ya nyumba iwe ndiyo nambari ya akaunti. Mpangaji wa 2C akilipa aandike 2C. Mwisho wa mwezi taarifa ya benki inakuwa ndiyo daftari lako la kodi, na hakuna anayeweza kudai alilipa kwa mkono wa keteka. Wewe uwekwe kwenye akaunti kama mwenye ruhusa ya kuiona na kutoa. Kama mnataka mapato yawe yenu wawili kweli, njia ni hati kuwa na majina mawili, kisha kila mmoja atangaze sehemu yake.

Deni la nyuma tulihesabu hivi, tukichukua Sh160,000 kwa kila mwezi. Ushuru wa miezi 18 ni Sh216,000. Faini ya kuchelewa kujaza ritani kwa mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Asilimia 5 ya 12,000 ni 600, kwa hiyo mnatozwa 2,000 kwa kila mwezi, jumla Sh36,000. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani Sh10,800. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, na kwa miezi hiyo yote inakaribia Sh20,000. Mko kwenye Sh283,000 hivi, mbali na maduka. Ni nyingi, lakini angalia inavyoongezeka: faini ya ritani imeshapita riba, na kila mwezi mpya usiojazwa unaongeza Sh2,000 nyingine. Hivyo hata kama hamna pesa mkononi, jazeni ritani zote 18 sasa. Kujaza ni bure. Msamaha wa faini na riba uliokuwepo ulifungwa 30 Juni 2025, nao ulihusu madeni ya hadi Desemba 2023, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kuwaingiza huko.

Utaratibu wenyewe: mume wako aingie kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa PIN yake na aongeze wajibu wa MRI. Mfumo utamuuliza tarehe ya kuanza. Aandike 1 Julai 2024, si tarehe ya leo. Akiandika ya leo, miezi ya nyuma haitafunguka, na ujumbe wa KRA utabaki bila jibu. Kisha ajaze mwezi mmoja baada ya mwingine, nambari ya ardhi, idadi ya nyumba na kodi iliyopokelewa, akitumia taarifa ya M-Pesa yako ya miezi 18 ambayo utaiomba kwa PDF. Usikisie. Kodi ya Septemba iliyolipwa Oktoba ni ya Oktoba. Kwa kila malipo atatoa karatasi ya PRN, yaani nambari ya malipo; pesa zilipwe kwa nambari iliyoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, si kwa nambari uliyotumiwa na mtu kwa SMS. Baada ya ritani zote kuingia, aombe kwa maandishi mpango wa kulipa kwa awamu. Pendekezeni kiasi mnachoweza kweli, tuseme Sh25,000 kwa mwezi juu ya ushuru wa mwezi unaoendelea, kwa sababu awamu moja ikikosekana mpango huvunjika na deni lote linadaiwa. Kwa miezi ijayo kuna pia mfumo wa eRITS ambao KRA waliuzindua 2025 kwa ajili ya wenye nyumba. Unasajili jengo na nyumba zake mara moja, nao unakokotoa ushuru.

Tumekaa hapo kwa sababu ndipo pesa nyingi zilipo. Tuje 4B.

Kung'oa mlango, kufunga kwa kufuli, kukata stima au maji ili mtu atoke ni kumfukuza bila amri ya mahakama. Mpangaji akikimbilia mahakamani, hakimu anaweza kuamuru arudishwe ndani na wewe umlipe fidia, pamoja na vitu atakavyosema vilipotea mlango ulipokuwa wazi. Televisheni moja, simu moja, na Sh56,000 yako imekwisha. Na huwezi kuthibitisha kwamba havikuwepo.

Hamna mkataba wa maandishi, lakini upangaji upo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inautambua kuwa wa mwezi kwa mwezi kwa sababu kodi hulipwa kwa mwezi, na notisi ya kuumaliza haipungui muda wa mwezi mmoja. Anza na barua ya madai: jina lake, nambari ya nyumba, kila mwezi usiolipwa kwa mstari wake, jumla, na siku 7 za kujibu. Mpe mkononi atie sahihi nakala. Akikataa, keteka na jirani mmoja waandike majina na saa, mpige picha barua ikiwa mlangoni, halafu umtumie kwa WhatsApp pia kama nyongeza.

Katika siku hizo 7 tungekushauri sana ujaribu mapatano, na hatusemi hivyo kwa upole tu. Kila mwezi anaokaa bila kulipa ni Sh14,000 nyingine, na kesi haiishi kwa mwezi mmoja. Mkubaliane kwa maandishi kwamba anatoka kufikia tarehe fulani, dipositi ya 14,000 inakatwa, na Sh42,000 zinazobaki analipa Sh7,000 kwa miezi 6. Huenda usizione zote. Lakini nyumba ya 14,000 iliyo mkononi mwako tarehe mosi ina thamani kuliko hukumu ya 100,000 dhidi ya mtu asiye na kitu.

Akikataa, mpe notisi ya kuondoka. Weka tarehe ya mwisho iwe mwisho wa mwezi wa kodi, si katikati. Ukimpa tarehe 12 Machi, andika 30 Aprili. Hapa wengi hujikwaa: notisi imekwisha, mpangaji anatuma Sh5,000, mwenye nyumba anapokea kimya, na mbele ya hakimu mpangaji anasema upangaji ulifufuliwa. Ukipokea chochote baada ya notisi kuisha, andika papo hapo kwamba umepokea kama malipo ya deni na fidia ya kukalia nyumba, bila kuathiri notisi. Asipotoka, wakili anafungua kesi mahakamani kudai nyumba, deni, na fidia hiyo hadi siku atakayotoka.

Kuna njia ya pili, ya dalali wa mnada kushika mali kwa deni la kodi chini ya sheria ya Distress for Rent, sura ya 293. Lazima awe na leseni; usitume vijana wa mtaa. Elewa pia njia hii inafanya nini: inakusanya kodi, haimtoi mtu. Tena ukiitumia unamtambua kuwa bado ni mpangaji, kwa hiyo haiendi sambamba na notisi inayosema upangaji umekwisha. Katika nyumba ya chumba kimoja, baada ya ada ya dalali, makochi na friji ya zamani mara nyingi haviachi kitu. Kwa 4B hatungeitumia.

Duka la dawa ni habari nyingine kabisa, na hapa mwenye duka amesoma sheria kuliko wewe. Duka halitawaliwi na utaratibu wa nyumba. Lina sheria yake ya 1965, sura ya 301, inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Upangaji unaingia chini ya ulinzi huo kama haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa kukiuka mkataba. Wako haukuandikwa, basi umelindwa. Huwezi kupandisha kodi, kubadilisha sharti wala kumwondoa ila kwa notisi ya fomu maalumu, inayojulikana kama Form A, na ujumbe wako wa WhatsApp hauna nguvu yoyote. Sh5,000 unazodhani unamdai kila mwezi si deni. Acha kuzidai, na usiziandike popote kama deni.

Fomu yenyewe ni fupi, lakini hukataliwa kwa mambo madogo. Jina la mwenye nyumba liwe la mume wako, kwa sababu ndiye mwenye hati; ukiandika lako, mwenye duka atasema notisi imetoka kwa mtu asiyehusika. Duka lielezwe kwa nambari ya ardhi na mahali lilipo. Andika kodi ya sasa, kodi unayotaka, na sababu za nyongeza. Nafasi ya sababu isiachwe wazi, wala isijazwe "maisha yamepanda". Na imtake ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au la. Haianzi kufanya kazi mapema kuliko miezi miwili tangu aipokee. Akiipokea tarehe 10 Machi, kisheria haitangulii 10 Mei, na kwa kuwa analipa tarehe mosi, andika 1 Juni ili usibishaniwe siku. Ipelekwe mkononi mwake, au kwa mfanyakazi wake wa dukani, au kwa posta ya rejista. Weka stakabadhi.

Asipopeleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara, BPRT, kabla ya tarehe hiyo, nyongeza inaanza kama ulivyoandika. Akilipeleka, notisi inasimama mpaka jopo liamue, na wakati huo anaendelea na 15,000. Jopo litatazama maduka ya jirani yanalipa ngapi. Kwa hiyo kabla ya kujaza 20,000, tembea barabara hiyo uulize maduka manne au matano ya ukubwa kama wako, yanayotazama barabara kama lako, na upime la kwako kwa futi. Yakiwa kwenye 17,000, andika 17,000. Nyongeza ya theluthi moja kwa mkupuo haitetewi na mkopo wako wa sacco. Mkopo si hoja ya soko.

Na ujiulize kama unaitaka vita hii. Nyongeza ya 5,000 ni Sh60,000 kwa mwaka. Duka likikaa tupu miezi minne, Sh60,000 zimekwisha kabla hujapaka rangi. Duka la dawa lina rafu, sinki na leseni vilivyofungwa kwenye eneo hilo, halihami hovyo, na limekulipa kila mwezi bila kukosa. Tungemwita tuongee, tumpe mkataba wa miaka 5 na mwezi 1, kodi 16,500 sasa na nyongeza ya asilimia iliyoandikwa kila miaka miwili. Mkataba unaopita miaka 5, usio na kipengele cha kuuvunja katikati, uko nje ya sura ya 301, na hapo kodi inapanda kama mlivyoandika bila Form A. Naye anapata uhakika wa kutofukuzwa. Mkataba wa muda huo uandikwe na wakili na usajiliwe.

Nyumba nazo ziandikiwe mikataba, ukianza na wanaoingia wapya. Ukurasa mmoja unatosha: majina na kitambulisho, kodi na tarehe, dipositi na yanayoweza kukatwa humo, notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote, jinsi kodi itakavyopandishwa, na nambari ya simu ambayo notisi ikitumwa itahesabiwa imefika. Lipia stempu. Kwa mkataba wa nyumba usiozidi miaka 3 ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani Sh1,680 kwa nyumba ya 14,000 na Sh960 kwa bedsita. Mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini, na mara nyingi mtu hugundua hilo akiwa tayari mbele ya hakimu, mpangaji akiwa ndani na mwezi mwingine ukiwa umeanza.